Mlango Hauna Maoni

Wiki iliyopita niliwaacha nje ya nyumba yetu Misima, mimi na begi langu begani, tukitazama tundu palipokuwa na mlango.

Kwa aliyekosa gazeti, mimi ni Mwantumu binti Kibwana, mwanachuo wa ualimu pale Korogwe, mwaka wa mwisho. Kila Jumamosi nina dakika zangu kwenye redio ya mjini, kipindi kinaitwa Mwanafunzi Anasema, na kweli nasema. Nilisema kuhusu wanamuziki wanaojitaja majina mwanzo wa wimbo, katikati na mwisho, utadhani wanaogopa kupotea. Shangazi akaninunia, kwa sababu mwanawe ni mmoja wao. Nikasema kuhusu harusi za sare, nikatolewa kwenye kundi la harusi ya binamu yangu. Halafu nikasema kuhusu utani.

Nilisema kwa sauti ya msomi kwamba utani wa makabila umepitwa na wakati. Watu wazima wanabeba kuku wa mwenzao msibani, wanalala juu ya kaburi wakidai vitu, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Nikasema huo ni utovu wa adabu uliopewa jina zuri. Nikasema ufutwe.

Wasambaa wenye redio, wa mjini na wa milimani, walicheka mpaka wakatoka machozi. Mzigua kama mimi anawaambia watani zake waache utani, hawajawahi kusikia utani mtamu namna ile. Nami nilikuwa sitanii hata kidogo.

Tatizo ni kwamba utani hujibiwa. Mzee Kaleb wa Masuguru, Msambaa, mtani wa baba tangu ujana wao, alikuja Misima na mwanawe Peter baba akiwa shamba. Walikuja na bisibisi. Wakang'oa mlango wetu wa mninga, wakaupakia kwenye guta, na kizingitini wakaacha kabichi moja.

Ile kabichi ndiyo iliyotumaliza. Mwizi haachi kabichi. Kabichi maana yake aliyechukua ni mtani, na wewe ukiipika umekubali. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshaipika na baba ameshaila.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Umeuona mlango?”

“Sijauona.”

“Na mimi sijauona. Kaa hapo.”

Hapo palikuwa kizingitini. Alinisogezea kigoda, akasubiri nikae, ndipo akatoa hukumu.

“Mdomo wako umeuondoa mlango wangu. Basi mpaka mlango urudi, wewe ndiye mlango wa nyumba hii.”

Nilidhani anachekesha. Baba yangu hachekeshi akiwa ameshiba.

“Baba, Jumatatu ya wiki ijayo nina mtihani wa mwisho.”

“Mlango hauendi kwenye mtihani.”

“Naomba basi nitoe maoni yangu.”

“Mlango hauna maoni,” alisema baba, akanipita kwenda kunywa maji.

Msomaji utauliza kwa nini asinunue mlango mwingine. Ndivyo nilivyouliza mimi, nikaambiwa mlango hauulizi. Mama ndiye aliyenieleza. Ule mlango aliuchonga babu kwa mkono wake, na zaidi ya hapo, Mzigua akinunua mlango mpya kwa sababu mtani wake kachukua wa zamani, habari itapanda milima yote na kushuka, na wajukuu zetu wataitwa watoto wa mlango wa dukani. Baba alikuwa radhi alale na mbuzi sebuleni.

Na mtihani wenyewe si wa mchezo. Asiyeufanya anarudia mwaka mzima. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kutoka nyumbani mwanafunzi akarudi mwalimu, na mimi nilitaka niwe wa kwanza kuliko nilivyotaka kitu chochote. Usiku nilikuwa naota nimeshika chaki. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea mwimo mmoja na miguu imegusa wa pili, nazuia mbuzi.

Asubuhi ya kwanza akaja jirani, bibi Rukaya, kuazima mchi.

“Hodi.”

“Karibu bibi, shikamoo.”

Hakuniitikia. Alimtafuta mama kwa macho juu ya kichwa changu.

“Hodi wenyewe. Mlango wenu unaongea.”

“Bibi, ni mimi, Mwantumu.”

“Najua ni wewe. Lakini baba yako kasema wewe ni mlango, na mlango hausemi karibu. Anayesema karibu ni mtu aliye ndani.” Akanigonga begani kwa ngumi, mara mbili, kama mtu mwenye haraka. “Hodi.”

“Karibu,” akaitika mama kutoka ndani.

Nikasogeza kigoda. Mgongo ulikuwa umekakamaa, nikaguna. Bibi Rukaya alisimama akanisikiliza kwa makini.

“Huu mlango unalia,” akamwambia mama. “Utieni mafuta.”

Jioni alirudi na mafuta ya nazi kwenye kifuniko cha chupa. Hakuwa anatania. Yeye ni Mzigua mwenzetu, kwa hiyo huo haukuwa utani, ulikuwa ujirani mwema. Nilipakwa magotini.

Ikawa ndiyo maisha yangu. Watu walipita wakaniambia wamenisikia redioni. Muuza samaki akaniegemea huku akihesabu chenji. Upepo ulipovuma baba alitoka chumbani akanitazama, nikaelewa kwamba mlango wa maana ungekuwa umeshabamiza. Vitabu vyangu vilikuwa ndani na mimi sikuwa ndani wala nje.

Alhamisi nilimwambia baba ukweli ambao hata yeye hakuweza kuupinga, kwamba mlango ulioibiwa haurudi wenyewe. Akafikiri. Akasema niende Masuguru nikaudai, lakini nyumba haiwezi kukaa wazi.

“Nitakaa mimi,” alisema mama, akajifunga kanga vizuri na kushika nafasi kwenye kigoda. “Mimi ni mlango wa nyumba hii tangu niolewe, ila hamjawahi kuniwekea kigoda.”

Baba alikohoa akaenda kukagua migomba. Hayo ndiyo maoni bora kuhusu ndoa niliyowahi kuyasikia, na hayajawahi kutangazwa redioni.

Masuguru nilimkuta mzee Kaleb kwenye genge lake. Sikuhitaji kuutafuta mlango. Ulikuwa umelazwa juu ya makreti, na juu yake kulikuwa na kabichi, karoti na viazi vya mlimani vilivyopangwa mafungu. Komeo alilochonga babu lilikuwa limening'inizwa mfuko wa rambo. Mkewe, mama Dorkasi, alikuwa pembeni anachambua nyanya.

“Shikamoo mzee Kaleb.”

“Marahaba, mlango.”

Kumbe habari zilishafika. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti zito kwenye joto la Korogwe, na bisibisi imechomoza mfukoni kama kalamu ya mwalimu.

“Mzee, nimekuja kuchukua mlango wetu.”

“Ngoja kwanza. Wewe ulisema utani ufutwe?”

“Nilisema.”

“Basi sikiliza, msomi. Kama utani umefutwa, mimi ni mwizi. Nenda kaseme kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba mzee Kaleb kaiba mlango, nami sitakimbia, magoti hayaruhusu. Kama haujafutwa, mimi ni mtani, na kitu cha mtani kinakombolewa kwa utani. Wewe chagua unanitaka nani.”

Nilitafuta jibu la tatu, chuoni hutufundisha kwamba lipo. Halikuwepo. Siwezi kumfunga mzee wa watu kwa kosa ambalo mama amelipika na baba amelila.

“Baba alikula kabichi,” nilisema kwa unyonge.

Mzee Kaleb akamgeukia mkewe. “Mama Peter, kala.”

“Nilikuambia atakula,” alisema mama Dorkasi bila kuinua macho kwenye nyanya. “Mzigua hajawahi kuiacha mboga aliyoikuta imelala.”

Damu ilinichemka. Nikaamua kwamba kama ni kuongea, nitaongea, lakini utani sitafanya. Nitawaelimisha. Nikasimama pale mbele ya genge, wanunuzi wakiwepo, nikaanza.

Nikasema jamii yetu imepoteza mwelekeo. Mtu akifiwa, wenzake wanatoa simu kwanza ndipo wanatoa pole. Wakasogea watu wawili. Nikasema kuna vijana wanaoujua ugomvi wa wasanii wa Dar es Salaam kuliko wanavyoujua ugomvi wa wazazi wao, na huo wa wasanii wameshautolea hukumu. Mama mmoja akaweka kikapu chini. Nikasema kuna wanaume ambao timu yao ikifungwa wanalia na kususa chakula, lakini mke akilazwa hospitali wanauliza nani atapika. Wanawake wote waliokuwepo wakapiga vigelegele, na mwanaume mmoja akaondoka na karoti ambazo hakuzichagua.

Nilipofika kwenye utani, kwamba ni mila ya watu wasiojua kuheshimu machozi ya mwenzao, genge zima lilikuwa limeshika mbavu. Mzee Kaleb alikuwa amejishikilia kwenye mlango wetu ili asianguke.

“Sioni cha kuchekesha,” nilisema. “Nimesema kweli tupu.”

“Ndiyo utani huo, mwanangu. Ulidhani utani ni nini?”

Akafuta macho kwa mkono wa koti. Akachomoa bisibisi, akainama ubavuni mwa mlango, akafungua bawaba moja na kuniwekea kiganjani.

“Hii ni kwa ajili ya pale pa wanaume na timu. Umenigusa. Ukiwa na mengine, njoo.”

“Mzee, Jumatatu nina mtihani. Nisipofika narudia mwaka.”

“Basi fanya haraka uwe na mengine.”

Nilirudi Misima na bawaba moja. Baba aliipokea, akaigeuza, akaipuliza vumbi la karoti. Nilisubiri anigombeze. Badala yake alikaa chini kizingitini, mama akampisha, na akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza.

“Bibi yako alipofariki ilikuwa masika, barabara imekatika kule bondeni. Kaleb alikuja kwa miguu, tope mpaka kifuani. Mimi nilikuwa siongei na mtu. Nilikuwa sili. Tulipofika kaburini akashuka mle ndani akalala chali. Akasema hatoki mpaka apewe kitanda cha marehemu, kwa sababu kule anakokwenda bibi hamna mbu, na yeye kwake kuna mbu na mke mkali.”

“Watu wakafanya nini?”

“Nilicheka, Mwantumu. Mama yangu yuko juu ya machela, na mimi nacheka. Halafu nikalia, nilikuwa sijalia bado. Jioni nikala ugali. Kitanda akakichukua kweli, mpaka leo anakilalia.”

Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote niliyokaa kwenye kile kigoda. Nilikuwa nimesimama mbele ya mkoa mzima nikaomba kifutwe kitu ambacho baba alikitumia kupata pumzi. Na baba alinisikiliza redioni siku ile, hakuniambia neno.

Nikaamua Jumamosi nitatania. Nitatania kwelikweli, kwa kukusudia, mzee Kaleb asikie, arudishe mlango, nami Jumatatu nikae kwenye kiti cha mtihani badala ya kigoda.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa somo la saikolojia. Saa ya kipindi ilipofika nilikuwa kizingitini, simu sikioni, na mtangazaji Iddy akanikaribisha.

Nikasema Wasambaa wanalima kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mkulima hujifunga kamba kiunoni, na kamba ikikatika anavunia Korogwe. Nikasema baridi ya kwao imewafanya wavae koti hata wakioga. Nikasema mzee mmoja wa Kisambaa akipiga chafya kule juu, viazi vyake vinabingirika mpaka Handeni, na sisi Wazigua tunavila tukidhani ni mvua ya neema. Nikamaliza kwa kusema kuna Msambaa mmoja Masuguru aliyekaa milimani muda mrefu mpaka alipoona mlango akaudhania meza.

Nilisikia Iddy akipumua.

“Asante sana, Mwanafunzi,” alisema taratibu. “Leo umeongea kwa busara kubwa. Tuchukue simu za wasikilizaji.”

Wa kwanza alishukuru kwa elimu ya kilimo cha miteremko na kuomba wataalamu walitazame suala la kamba. Wa pili alikuwa mama aliyetaka nirudie pale pa viazi polepole, maana mtoto wake alikuwa anaandika. Wa tatu aliuliza hiyo mvua inanyesha mwezi gani.

“Umekomaa,” Iddy aliniambia tulipokuwa tunaagana. “Zamani ulikuwa unachekesha mno.”

Nikazima simu. Msomaji wangu, nisikufiche, nililia. Nikisema kweli wanacheka, nikiwachekesha wanachukua kumbukumbu. Bibi Rukaya alipita akaona machozi, akasema mlango umeanza kunyesha, pengine mbao zimeoza.

Jumapili adhuhuri simu ikaita. Ilikuwa namba ya Peter, mwana wa mzee Kaleb.

“Mwantumu, mzee amefariki.”

Moyo uliniruka kwa furaha. Hatimaye amejibu. Yule mzee amesikia redio, na sasa ananirudishia. Kujifanya umekufa, hilo ndilo jibu la bingwa, na nilijua lazima nami nijibu pale pale, bila kusita, la sivyo sitauona mlango.

“Mpe pole,” nilisema. “Na mwambie akifika huko mbinguni asing'oe mlango wa watu.”

Nilisubiri acheke. Nyuma yake nikasikia sauti za wanawake, wengi, na hawakuwa wanacheka.

“Nitamwambia,” alisema Peter, na sauti ikamkatika.

Niliishika simu mpaka ikazima mwanga wake. Nilikuwa nimehangaika tangu Jumamosi kufanya utani wa makusudi, na wa kwanza kufanikiwa nimempa mtu ambaye baba yake bado ana joto.

Baba alinikuta nimesimama katikati ya ua, mlango haupo mlangoni. Nikamwambia. Kwanza habari, halafu jibu langu. Alikaa kwenye kigoda changu akafunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nilipiga magoti kumwomba msamaha, na alipoondoa mikono nikaona machozi yanatiririka na meno yote nje.

“Ulimwambia Peter hivyo?”

“Ndiyo baba.”

“Kabla hujajua ni kweli?”

“Kabla sijajua.”

“Asing'oe mlango wa watu,” alirudia baba, akalia tena, akacheka tena, mpaka mama akamletea maji. Alipotulia alisema, “Wanazika kesho asubuhi, mchungaji ana ibada nyingine Magoma mchana. Mtihani wako ni saa ngapi?”

“Saa tatu.”

“Tutafika mapema. Wewe utasema maneno ya mtani, maana umeshaanza na hakuna wa kukupokea. Mimi nitabeba mlango. Wewe utakimbia kwenye mtihani wako.”

Ulikuwa mpango mzuri. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba hautafanikiwa.

Jumatatu tulifika Masuguru jua limechomoza tu. Nilivaa sare ya chuo na kanga juu yake, kalamu mbili mfukoni. Ua wa mzee Kaleb ulikuwa umejaa. Vijana wa mlimani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na pale katikati, juu ya makreti yale yale ya genge, mzee Kaleb alikuwa amelazwa amefunikwa shuka jeupe. Alikuwa amelala juu ya mlango wetu. Kwenye nakshi ya babu, karibu na miguu yake, jani la karoti lilikuwa bado limenasa.

Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeimba. Wote walinitazama mimi.

“Mwenye mlango amefika,” alisema mama Dorkasi.

Nilikwenda kumpa mkono. Aliushika hakuuachia.

“Jumamosi alikusikiliza,” aliniambia. “Sisi wote tulikaa kimya tukidhani unafundisha. Yeye alicheka mpaka akaomba dawa ya kifua. Jana asubuhi nilipomwamsha twende kanisani alikuwa ameshaondoka. Usiku alilala anarudia lile la viazi.”

Mtu mmoja tu mkoa mzima ndiye aliyenielewa, naye ni huyu. Nilimpenda yule mzee wakati ule, ghafla na kwa kuchelewa, na nilitaka ainuke anitukane.

Nikajua la kufanya. Au tuseme mkono ulijua. Niliinama, nikaugonga mlango wetu pembeni ya kichwa chake kwa ngumi, kama bibi Rukaya alivyonigonga mimi.

“Hodi, mzee Kaleb.”

Nikagonga tena.

“Hodi. Mtamsamehe,” niliwaambia watu, “huyu hajazoea. Kwetu aliingia bila hodi na akatoka na mlango.”

Kutoka kwenye mikeka, mwanamke mmoja aliguna. Mwingine akajifunika mdomo kwa kanga. Nikachutama ubavuni mwa mlango, nikajifanya natafuta bawaba kwa bisibisi, magoti yakilia kama yake, huku nikinung'unika kwa sauti yake kwamba Wazigua wanapigilia misumari utadhani wanajua kupiga. Hapo mama Dorkasi alipasuka. Alicheka akiwa ameinamisha kichwa, kisha kicheko kikageuka kilio kirefu, na wanawake wote wakamfuata. Peter alisimama kando, machozi yanamwagika. Wakaanza kuimba.

Baba alinitazama kutoka upande wa wanaume, akainamisha kichwa mara moja. Hajawahi kunipa alama kubwa zaidi ya ile.

Jua lilikuwa linapanda. Nilisogea kwa mama Dorkasi.

“Mama, sasa naomba mlango wetu. Nina mtihani.”

Alifuta uso. “Mwanangu, mlango hautoki.”

“Hautoki vipi?”

“Kaacha neno. Jumamosi ile ile, akicheka. Alisema akifa jeneza hataki, anataka ashuke na mlango wa Mzigua. Kabichi zimelala juu yake wiki nzima na hakuna iliyolalamika.” Akavuta kanga. “Na Peter alipotuambia maneno yako ya jana, tukaona ni sawa kabisa. Huko aendako asing'oe mlango wa watu. Anakwenda na wa kwake.”

Niligeuka kumtazama baba. Alikuwa amesikia. Mlango wa baba yake, mninga ule, komeo lile, unakwenda ardhini Masuguru, na yeye kwa mila haruhusiwi hata kukunja uso. Nikaona midomo yake ikihangaika kati ya mambo mawili.

“Baba,” nilisema. “Ulisema mpaka mlango urudi.”

“Nilisema.”

“Na mlango ukizikwa?”

Masuguru yote ilikuwa inatusikiliza. Baba yangu hajawahi kufuta neno mbele ya watu wawili, sembuse mtaa mzima wa Wasambaa.

“Basi utakuwa mlango wa kudumu,” alisema kwa huzuni ya kweli.

Upande wa pili wa mji wenzangu walikuwa wanapanga foleni na vitambulisho. Vijana wanne walikuwa wameshajifunga vitambaa begani tayari kubeba. Nilikumbuka nilivyosema redioni kuhusu watu wazima wanaolala kaburini wakidai vitu. Nilikumbuka neno nililotumia, utovu wa adabu, na jinsi nilivyolitamka.

Nikavua viatu. Nikaweka kalamu zangu ndani ya kiatu cha kulia. Nikapanda juu ya mlango, nikalala chali pembeni ya mzee Kaleb, mikono kifuani.

“Mimi hapa siondoki,” nilitangaza, “mpaka nipewe mlango wangu.”

Shuka lake lilinukia sabuni ya mche. Kwa mila hapo wafiwa hubembeleza, hulalamika, halafu hutoa, ndivyo ilivyokuwa kwa kitanda cha bibi. Nilifumba macho nikasubiri kubembelezwa.

Nilisikia hatua za mama Dorkasi zikija mpaka kichwani pangu. Nikafumbua jicho moja. Alikuwa ananitazama kutoka juu, macho mekundu, na kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na utani ule ule niliokwisha kuuona gengeni, kwa mumewe, kabla hajatoa bisibisi.

“Mchungaji ana safari ya Magoma,” aliwaambia vijana. “Wabebeni wote wawili.”

Wakainama. Mlango ukanyanyuka na sisi juu yake, ukayumba, ukakaa sawa. Nikageuza shingo kuona ni nani ameshika kona ya kichwani, upande wangu, na alikuwa ni baba.